Fuko, Mkuu wa Masikio

Paukwa!

"Pakawa."

Mbona mnanong'ona, mnamwogopa nani? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale wanyama wa bondeni walipigana vita na fisi wa ng'ambo ya mto. Fisi walikuwa wengi, tena wana meno. Wanyama wa bondeni walikuwa na Fuko.

Fuko haoni vizuri, lakini masikio, we! Akachimba, chaka chaka chaka, mpaka chini ya baraza la fisi. Akasikiliza. Akarudi, chaka chaka chaka, akamwambia Mfalme Nyati, "Kesho watavukia kwenye mawe." Fisi walipovuka wakakuta pembe zinawangoja. Wakafyata mikia, wakahama kabisa.

Nyati akampa Fuko cheo: Mkuu wa Masikio. Fuko akavimba kichwa.

Sasa vita vimekwisha. Mkuu wa Masikio atasikiliza nini? Msicheke. Akachimba chini ya majirani zake. Chini ya Sungura, chaka chaka. Chini ya mti wa Kima, chaka chaka. Hata chini ya Bi Kanga, aliyemtunzia wanawe wakati wa vita. Kila asubuhi mbio kwa Mfalme.

"Sungura kasema pua yako pana."

Sungura akachapwa.

"Kima kasema unakoroma."

Kima akachapwa. Na kukoroma Mfalme alikoroma, bonde zima linajua.

"Bi Kanga kasema mvua hii itatuzamisha."

"Anatisha watu," akasema Nyati. Bi Kanga naye akachapwa.

Bi Kanga akamwendea Fuko. "Jirani, ukimchunguza sana bata humli."

"Na hilo nitalifikisha," akasema Fuko.

Basi wanyama wakafunga midomo. Hawaimbi, hawatetani, hawacheki. Sungura akitaka chumvi ananyoosha kidole. Fuko akatega sikio: kimya. Akamwambia Mfalme bonde limetulia. Lakini moyoni alijiona mpweke, maskini.

Siku moja mto ukafura. Kila mmoja aliona, hakuna aliyesema. Wakapanda kilimani polepole, Nyati mbele. Fuko yuko chini, anasikiliza kimya chake.

Maji yakaingia mashimoni, gubu gubu gubu. Fuko akakimbilia huku, maji. Akakimbilia kule, maji. Akalia, "Jamani, mlango uko wapi? Semeni neno, nifuate sauti!"

Juu wakatazamana. Sungura akaziba mdomo. Kima akaziba mdomo. Nyati? Akajifanya anatafuna nyasi. Maji yakamfika Fuko shingoni.

Bi Kanga akashindwa kuvumilia. Akateremka mbio mpaka mdomoni mwa shimo. "Keke keke keke! Huku, jirani, huku! Na ukitaka, kanishtaki!"

Fuko akaifuata sauti ile, akatokeza kichwa, amelowa chepechepe. Akalia machozi.

"Bi Kanga, nisamehe. Nilijidai nina masikio. Bila midomo yenu ni mashimo tu."

"Nimekusamehe. Lakini ukija kwangu tena, piga hodi."

Ndiyo maana hadi leo fuko akichimba husukuma udongo nje, kirundo hapa, kirundo pale. Anapiga hodi: jamani, nipo. Kile cheo kilikwenda na maji, na hakuna aliyekitafuta.

Enyi wakubwa kwa wadogo, anayewatia wenzake hofu ya kusema, siku ya shida atakosa wa kumwita.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye neno alitoe, tena kwa sauti.