Kiti cha Pili Dirishani

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na mazimwi, maana simu za mkononi zilikuwapo na watu walizikodolea macho kama mnavyofanya nyie hapo nyuma (ziwekeni chini, nasimulia!), aliishi Tanga mjane mmoja, Bi Zuwena. Macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alimpima, akamwambia bila kumficha: "Mama, hayatapona. Kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu."

Bi Zuwena akawaita wanawe watatu. Salha, binti mkubwa, aliolewa Maskati, kwa hiyo aliitwa kwa simu. Hafidh, wa kati, alikuja kutoka Arusha. Muzne, kitindamimba, ndiye aliyekuwa akiishi na mama.

"Wanangu, nataka kuiona Venisi," akasema. "Ule mji wa Italia uliojengwa majini, barabara zake ni mifereji. Marehemu baba yenu aliufikia alipokuwa mpishi wa meli, akawa ananisimulia mpaka chai inapoa. Aliahidi kunipeleka. Basi sitaki kupitishwa mbio mbio kama mzigo. Nataka hoteli nzuri, dirisha na kiti, nitazame mpaka nishibe."

Watoto wakakubali. Lakini hoteli nzuri za mji ule, jamani, bei zake zinakata pumzi! Wakaona watamudu chumba kimoja tu cha watu wawili: mama na mtoto mmoja. Bi Zuwena akasema, "Atakayenichagulia hoteli ndiye nitakayekwenda naye." Alidhani amerahisisha mambo. Wapi!

Salha akatafuta. Akalinganisha hii na ile, akasoma maneno ya waliolala huko, wanaosifu na wanaolalamika, hata mumewe akamuuliza kama anahama. Mwishowe akapata jumba la kale la matajiri lililogeuzwa hoteli. Dari imechorwa malaika, taa ni za vioo, na boti inakushusha mlangoni kabisa. Wote wakasema, hapo sawa.

Hafidh akauliza, "Dirisha la chumba linatazama wapi?"

Salha alikuwa amechagua kama mtu anayechagua ukumbi wa harusi: mapambo, basi. Hafidh alifanya kazi mapokezi ya hoteli, alijua kwamba picha ya jumba si picha ya chumba chako. Akapiga simu. Chumba kilitazama ukuta wa jirani! Akapiga tena, na tena, akamweleza meneja habari za macho ya mama. Meneja akalainika, akawapa chumba cha mbele, juu ya mfereji mkubwa, bei ile ile. Ghorofa ya tatu.

"Lifti ipo?" akauliza Muzne.

Haikuwapo. Jumba la kale, sheria hairuhusu kubomoa kuta zake. Na Bi Zuwena kwa magoti yake mabovu, kuvuka kizingiti tu ilikuwa kazi.

Muzne, kusema kweli, moyoni hakuitaka hoteli ile tangu mwanzo. Alitaka ya nchi kavu yenye lifti, mama awe anapelekwa kutazama. Lakini mama alikuwa ameshaipenda. Basi kila alasiri akamshika mkono, wakaenda kwa jirani mwenye nyumba ya ghorofa, wakapanda ngazi. Siku ya kwanza mama alipanda vidato viwili, akakaa chini akalia. Muzne akakaa naye. Kesho yake wakarudi. Wakarudi, wakarudi, mpaka mama akafika juu, akampungia mkono mpita njia asiyemjua hata jina.

Safari ikakaribia. Aende nani?

"Hoteli niliipata mimi," akasema Salha simuni. "Bila mimi mngekuwa mnatafuta mpaka leo."

"Ulipata hoteli ya kutazama ukuta, dada," akajibu Hafidh. "Mama aliomba dirisha. Dirisha nimelipata mimi."

"Dirisha la kufikiwa na nani?" akadakia Muzne. "Magoti ya mama mliyasahau wote wawili."

Wakarushiana maneno mpaka mama akainua mkono.

"Nisikilizeni. Nikishiba kutazama maji, nitageuka. Uso nitakaouona hapo huenda ukawa wa mwisho kuuona vizuri. Huo ndio nitakaobaki nao."

Weee! Hapo hoteli ikasahaulika.

Salha akalia. "Mama, uso wangu hujauona tangu niolewe. Kwenye simu waona ukungu tu. Muzne unamwona kila siku."

"Ananiona kila siku kwa sababu nipo, dada," akasema Muzne. "Niadhibiwe kwa kukaa?"

Hafidh hakupaza sauti. "Mama, mwenyewe husema kwa sura mimi ni baba mtupu. Yeye ndiye aliyekuahidi. Nikikaa pale, utakuwa umetazama naye."

Bi Zuwena machozi yalimtoka, akayafuta haraka, maana yalizidi kumfifishia wale aliokuwa akiwatazama.

Sasa msiniambie waende wote, nimeshasema chumba ni cha wawili. Wala msiseme mama achague, mama ndiye aliyeshindwa. Nawauliza nyie, mliowaacha mama zenu nyumbani mkaja kusikiliza hadithi: kile kiti cha pili pale dirishani, nani alistahili kukikalia?