Kababu za Mzee Shomvi na Radhi ya Mtu Mmoja

Liko swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo, na hadi leo halijanipa jibu: mzazi akimpa radhi mtoto ambaye hayupo, radhi hiyo humwangukia nani? Nimewauliza waliosoma. Wakasema watatazama vitabuni, na hawakurudi kwangu. Basi leo nawaletea ninyi.

Hapo zamani, enzi ambazo nyama ya kababu ilikatwakatwa kwa visu viwili juu ya gogo, alikuwepo mpishi mmoja katika mji mmoja wa pwani ya Mrima, jina lake Mzee Shomvi. Mkahawa wake ulikuwa na mabenchi marefu na chungu kimoja kikubwa. Humo alipika kitu kimoja tu: kababu za mviringo, ndogo kama ndimu, ndani ya mchuzi mzito wa nyanya. Watu walikuja wakipiga soga, wakishaletewa sahani wananyamaza.

Mzee Shomvi alikuwa na wana watatu, na alikuwa na hofu moja: kwamba siku moja wataondoka wamwache. Hofu hiyo ikamfundisha hila. Kila mwana alimpa kipande cha kazi, asimpe kazi nzima.

Kibwana, mkubwa, alifundishwa nyama: kuchagua mnofu, kuvua utando, kutoa mishipa, kukatakata mpaka nyama ishikane yenyewe. Akishamaliza, baba humwambia, "Toka."

Pazi, wa kati, alifundishwa kufinyanga: kukamua maji ya kitunguu, kuloweka mkate katika maziwa, kutia bizari iliyokaangwa, kupaka viganja mafuta na kuviringa mpaka pasibaki ufa. Akishamaliza, baba humwambia, "Toka."

Tamimu, mdogo, alifundishwa mchuzi: kumenya nyanya kwa maji ya moto, kutoa mbegu, kuunguza kitunguu kidogo tu, kusubiri mpaka mafuta yapande juu. Akishamaliza, baba humwambia, "Na wewe, toka."

Kisha mzee hufunga mlango, akazitia kababu mchuzini akiwa peke yake. Alilolifanya mle ndani hakuna aliyelijua.

Mmeiona hila yake? Alidhani amewafunga kwa kamba moja. Kumbe kila mmoja alijiona amenyimwa.

Kibwana alichoka kungoja, akafungua mkahawa wake ng'ambo ya barabara, mkabala na wa baba yake. Kababu zake zikapasukia mchuzini, wateja wakacheka, na baba akawaona wakicheka. Pazi alikwenda mbali. Mama yao alipofariki habari zilimfikia, wala hakuja kuzika. Tamimu alibaki, na kubaki kukamtia uchungu. Siku moja baba alimwambia "toka" mbele ya wateja, naye akamsukuma mzee kifuani, mzee akaanguka juu ya benchi.

Ndipo Mzee Shomvi aliposema, akiwahesabu wote watatu, aliyepo na wasiokuwepo, "Radhi yangu hamna. Si wewe, si wewe, si wewe."

Mnajua neno hilo lina uzito gani. Mtu asiye na radhi ya mzazi hana pa kutulia. Mtoto wake akipata homa, anawaza ni lile neno. Paa lake likivuja, anawaza ni lile neno. Wale ndugu watatu wakawa wanaishi hivyo, na kila mmoja aliwalaumu wenzake. Wakaacha hata kusalimiana.

Kisha mzee akaugua koo. Uji ukarudi. Maziwa yakarudi. Dada yake, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akimuuguza, akampelekea Pazi habari huko mbali, na alipofika akawaita wale watatu uani.

"Baba yenu anakufa na njaa," akasema. "Na hataki uji wala dawa. Anataka kababu zake. Mimi sizijui. Mnazijua ninyi."

"Mimi najua nyama tu, shangazi," akasema Kibwana.

"Mimi najua kufinyanga tu," akasema Pazi.

"Mimi najua mchuzi tu," akasema Tamimu.

"Basi hapa nimesimama na mpishi mmoja aliyekatwa vipande vitatu," akasema Bi Mwanahawa. "Ingieni jikoni. Mkitaka kupigana, piganeni humo humo, lakini chakula kitoke."

Wakaingia. Kila mmoja akashika kipande chake cha kazi. Hatimaye Kibwana, bila kuinua macho, akasema, "Pazi, nisogezee hilo beseni."

Ndilo neno la kwanza lililopita kati yao tangu baba awanyime radhi.

Pazi akalisogeza. Akaangalia nyama, akasema, "Bado unakata kama anayeua nyoka."

"Na wewe huko ulikopotelea ndiko walikokufundisha kuongea?"

Tamimu akacheka juu ya nyanya zake, machozi yakimtoka, akasingizia kitunguu.

Walipofika kwenye kababu na mchuzi wakakwama, maana hapo ndipo baba alipokuwa akifunga mlango. Tamimu akachukua upawa akoroge. Pazi akamshika mkono. "Ukikoroga zitavunjika. Hazijashika bado."

"Tusipokoroga zitaungua chini," akasema Kibwana.

Wakatazamana. Nani aliyebuni lililofuata, hawakukubaliana baadaye. Ila walishika matambara, wote watatu wakakishika chungu kwenye ukingo wake, wakakitikisa polepole, wakikizungusha huku na huku. Kababu zikageuka zenyewe ndani ya mchuzi, nzima. Hakuna iliyopasuka.

Tamimu ndiye aliyempelekea baba sahani. Alimwinua kichwa kwa mkono ule ule uliomsukuma, akamlisha. Kababu ikashuka. Haikurudi. Mzee akafumba macho, akatafuna ya pili taratibu. Nayo ikashuka.

"Nani amepika?" akauliza.

"Tumepika sote, baba," akasema Kibwana.

Mzee akacheka, kicheko chembamba. "Ninyi? Jiko moja? Chungu kingepasuka."

"Wallahi, baba, sote."

"Msinidanganye, nina safari. Hii imepikwa na mkono mmoja. Mmoja wenu alichungulia dirishani, akaniibia kazi yote, tangu gogo mpaka mtikiso. Miaka yote nilikuwa nikiomba apatikane mwenye akili ya kuniibia." Akavuta pumzi. "Huyo nimemridhia, duniani na akhera. Hao wawili wengine, hapana."

"Baba, sikiliza," akasema Pazi, akapiga magoti. "Hayupo huyo mtu. Ni sisi watatu."

"Yupo. Mwenyewe anajijua."

Wakamsihi. Wakamwonyesha mikono yao. Bi Mwanahawa naye akasema, "Kaka, ni kweli, nimewaona kwa macho yangu." Mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu anayebembelezwa kwa uongo mtamu, akageukia ukuta. Kabla ya alasiri alikuwa amefariki.

Maiti ilikuwa bado haijaoshwa walipoanza.

"Radhi ni yangu," akasema Kibwana. "Alitaka kababu, na kababu ni nyama. Na nani aliyevunja kimya? Nisingeomba lile beseni, tungepika kila mtu na chuki yake, na kingekuwa chakula cha kumwaga."

"Ni yangu mimi," akasema Pazi. "Nyama yako ulikuwa nayo kule ng'ambo ya barabara, na ilipasuka mji mzima ukiona. Aliyeifanya ishikane ni nani? Na nilimpigia magoti nikamwambia ukweli, hata kama ukweli huo ungeninyima."

"Ni yangu," akasema Tamimu. "Koo lile lilikuwa limefunga. Bila mchuzi kababu isingeshuka. Na ninyi mlikuwa mlangoni. Mimi ndiye niliyemlisha. Kwa mkono wangu huu."

"Mkono uliomwangusha!" akadakia Pazi.

"Na wewe uliyemwacha mama azikwe bila wewe?"

Bi Mwanahawa akatoka na kanga kichwani. "Baba yenu yumo ndani hajapata hata sanda, na ninyi mnamgawana! Asubuhi nilijidanganya kuwa nimewapata tena."



Sasa, katika mji ule desturi ilikuwa hii: mzazi hupokelewa kaburini na mtoto mwenye radhi yake. Huyo hushuka, humlaza ubavuni, humfungulia kamba za sanda. Asiye na radhi hashuki, maana ilisemwa kwamba akimgusa mzazi mle ndani, lile "hapana" halifutiki tena.

Jeneza likafikishwa. Imamu akasema, "Ashuke mwenye radhi."

Kibwana akasogea, akaweka mguu ukingoni. Akautazama udongo. Akarudi nyuma. "Na kama si mimi?" akasema kwa sauti ya chini. "Pazi, shuka wewe."

"Nishuke vipi? Yeye alimtaka mtu aliyejua kazi yote. Mimi najua kufinyanga tu." Akamgeukia mdogo wao. "Tamimu, wewe ulimlisha."

"Najua mchuzi tu," akasema Tamimu, akakaa chini mchangani akajifunika uso.

Wale waliogombana uani kama watu wa mnadani, sasa kila mmoja alimsukumia mwenzake kile alichokuwa akikidai. Mtu mmoja kati ya wazikaji akasema washuke wote watatu, kwa kuwa wote walikishika chungu. Mwingine akajibu kwamba marehemu alitamka mwenyewe kuwa wawili hapana, na wosia wa maiti haubadilishwi ukingoni mwa kaburi lake. Jua likazidi kushuka, na jeneza likingoja.

Imamu akangoja kadiri alivyoweza. Mwisho akaamua: hatashuka yeyote kati yao.

Alishuka Nasibu, mchimba kaburi, mgeni wa mji, ambaye hakuwahi kukaa katika mabenchi ya Mzee Shomvi wala kuonja mchuzi wake. Akampokea, akamlaza, akauliza kutoka chini, "Huyu baba ana watoto?" Hakuna aliyeitika. Akazifungua kamba, akapanda juu, wakafukia.

Je, ninyi mliosikiliza, nani alistahili kushuka?