Simu ya Somo

Ndugu zangu, na nyinyi pale nyuma mlioegemea nguzo mkichungulia simu zenu, zitieni mifukoni kidogo. Mfano wa leo ni wenu.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, mkewe ni somo. Somo mnamjua: ndiye anayemfunda mwari kabla ya ndoa, na hata baada ya harusi, jambo likimkwama yule binti, haendi kwa mamake, huenda kwa somo wake. Basi simu ya mama huyu haikuwa na utulivu. Ikilia tu, anainuka, anaingia jikoni, anarudisha mlango, ananong'ona.

Bwana roho ikawa juu juu. Anakula hashibi. Kuuliza hataki, asije akaonekana ana wivu. Mwisho akamwambia mkewe, nipe simu nikakubadilishie kioo, akaenda nayo kwa fundi.

"Niunganishie. Kila ujumbe unaoingia humu, na kwangu uingie."

Fundi akasita. "Mzee, mwenyewe anajua? Bila ridhaa yake hili ni kosa kisheria. Tutafikishana mahakamani."

"Ni mke wangu. Na simu nimeinunua mimi."

Fundi akamrudishia simu yake. Wa duka la pili hakuuliza kitu.

Bwana akaanza kusoma. Alitafuta mwanamume, hakumpata. Alipata wanawake na mambo yao: huyu hajashika mimba, yule mkwe anamwonea. Na mmoja, mke wa rafiki yake mpenzi, anayeswali naye bega kwa bega, kaandika: "Jana kanipiga tena, somo. Jicho halifunguki."

Je, si angeacha hapo? Hofu ya mke imekwisha, kimemshika kitu kingine, kibaya zaidi. Akimwambia mkewe, ataulizwa kajuaje. Akinyamaza, binti wa watu anapigwa. Alhamisi baada ya swala ya alasiri akamvuta rafiki yake kando, kwa upole, kiume.

"Ndugu yangu, mkono si jambo zuri. Mke huzungumzwa."

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia tu."

Rafiki akatabasamu. "Haya. Ahsante."

Ijumaa bwana akawahi msikitini. Akatazama ubavuni kwake, pale anapokaa rafiki yake, hapana mtu. Adhana ikaadhiniwa, hapana mtu. Hotuba yote ile hakusikia neno, shingo inageukia mlangoni. Mnaijua hali hiyo, ya kujua kwamba jambo limeharibika na hujui ni jambo gani?

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe kwenye mkeka, buibui hata hajalivua, analia.

"Mke wa rafiki yako, tulipanga na kaka zake wamchukue leo, mumewe akiwa msikitini," akasema. "Tulipanga kwa mdomo, hatukuandika popote. Tumekuta nyumba ina kufuli. Majirani wanasema kamtoa alfajiri, na simu kamnyang'anya. Hatujui kampeleka wapi. Nani kamzindua yule bwana, mume wangu?"

Akavua kofia, akaiweka chini.

Sasa msiniambie alikuwa na nia njema. Alikuwa nayo, na imefaa nini? Alichoiba ni nusu ya habari, akaitumia kama yote. Sisi tunajua kuingia nyumba ya mtu bila hodi ni haramu, lakini ujumbe wa mke, barua pepe ya mfanyakazi, simu ya binti, tunaingia hivi hivi, tena tunajisifu kwamba tunalinda. Ukisoma simu ya mkeo, humsomi mkeo peke yake. Upande wa pili kuna mtu ambaye hukumuoa, hukumuajiri, wala hakukuamini. Aliyemwamini ni mwingine, na leo wanawake wa mtaa mzima wanasema somo katoa siri.

Kwa hiyo wewe uliyeunganisha simu ya mtu na yako, na humu mmo, iondoe leo kabla hujatia tonge mdomoni. Kisha umwambie mwenyewe. Atakasirika, mwache akasirike, hiyo ni haki yake. Yule binti mpaka sasa kaka zake wanamtafuta.