Kamba za Viatu vya Ngedere

Paukwa!

Pakawa!

Wameitika watoto peke yao. Wakubwa, na nyie mna midomo. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, viatu vilipokuwa bado vigeni mwituni, Ngedere alikuwa anaoa. Anamwoa mjukuu wa Bibi Nyani, ng'ambo ya kijito. Akashonewa viatu vyeusi vya kamba, vinang'aa mpaka akajiona ndani yake.

Sasa, huko kwao bwana harusi hagusi viatu vyake siku ya harusi. Hufungwa. Upande wa mume hupiga fundo la kwanza. Upande wa mke humalizia kwa vile vitanzi viwili vinavyokaa kama masikio. Fundo moja, nyumba mbili. Kisha bwana harusi hucheza kutoka langoni mpaka mlangoni kwa mkewe. Kiatu kikimtoka njiani, watu husema ndoa imekataa.

Ngedere na watu wake wakafika langoni kwa Bibi Nyani. Shangazi yake, Kima, akainama. Akapitisha kamba ya kulia juu ya ile ya kushoto, akakaza. Maana kulia ndiko kwenye heshima. Hata andazi mtu hapokei kwa kushoto, sembuse mke. Bibi Nyani naye akainama. Naye ni mtu wa heshima. Kulia juu ya kushoto, akatoa masikio, akakaza.

Ngoma ikalia. Ndi, ndi, ndi. Ngedere akaruka, akazunguka. Fyuu, kamba ikafunguka. Akaikanyaga. Puu, yeye chini, kofia kule.

Wakacheka. Bibi Nyani akasema huenda fundo la upande wa mume ni legelege. Kima akajibu, kwa upole sana, kwamba vidole vya watu wengine vimezoea kumenya ndizi tu.

Wakarudi langoni. Kulia juu ya kushoto. Kulia juu ya kushoto. Wakakaza mpaka Ngedere akauma meno. Ndi, ndi, ndi. Fyuu. Puu. Safari hii kisigino kilikuwa nje tayari, kiatu kinaning'inia vidoleni.

Hakuna aliyecheka. Bibi Nyani akajifuta uso.

"Mkwe wangu, sina ubaya nawe," akasema. "Lakini kikifunguka tena, mrudi kwenu. Siozi mtoto kwa mkosi."

Kule mlangoni bibi harusi alisimama, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Ngedere akamwona. Kugusa haruhusiwi. Basi akatazama. Akakitazama kiatu kile ambacho kamba yake ilikuwa bado haijaachia. Masikio hayakulala huku na huku. Moja lilielekea vidoleni, jingine lilielekea juu mguuni, kama fundo limenuna.

Akakumbuka kuni. Siku za kazi, anapofunga mzigo wa kuni, mikono yake haina adabu. Mara ya kwanza kulia hupita juu, mara ya pili kushoto. Na mzigo haufunguki mpaka jikoni.

Akamnong'oneza shangazi yake. Kima akashtuka.

"Kushoto? Mbele ya wakwe?"

"Ndiyo, shangazi. Mkono ule ule ukitangulia mara zote mbili, fundo linajisokota. Sisi tutangulize kushoto, wao wamalize kwa kulia."

"Watasema sikukulea."

"Waseme. Mimi nitakuwa nimeshafika."

Kima akainama taratibu, mbele ya ukoo wote wa Nyani, akatanguliza kushoto. Minong'ono ikapita. Mtu akakohoa. Bibi Nyani aliona. Akainama naye: kulia juu ya kushoto, akatoa masikio, akakaza. Masikio yakalala huku na huku, kama mbawa za kipepeo aliyetua.

Ndi, ndi, ndi. Ngedere akaruka, akazunguka, akatimua vumbi. Ndi, ndi, ndi. Mpaka mlangoni. Bibi harusi akauachia mwimo, akamshika yeye.

Langoni walibaki Kima na Bibi Nyani.

"Dada, umenitangulizia kushoto nyumbani kwangu," akasema Bibi Nyani.

"Nimekutangulizia."

"Basi tukimwoza mdogo wake bibi harusi, kushoto nitatanguliza mimi."

Siku ile hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja alitaka heshima, ila wote waliitaka kwa mkono ule ule. Basi ukifunga viatu, ukianza kulia juu, maliza kushoto juu. Masikio yakinuna, fungua uanze upya. Na mkiishi wawili, aliyetangulia jana leo ampishe mwenzake.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naiacha hapo.