Robo Saa ya Elinami Hoza

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, mto Luhembo ulifurika ukakizingira kijiji cha Kwemhogo. Mnara wa simu ulianguka asubuhi. Watu arobaini na wawili walipanda juu ya paa la shule. Njia ya kuita msaada ilibaki moja: redio ya Zefania Shekilindi, mwalimu mstaafu, mmoja wa wale wanaozungumza na dunia kwa mawimbi, kwa ridhaa tu, bila mshahara.

Zefania akawasha redio, haikuwaka. Betri alikuwa ameimaliza juma lile akizungumza na watu wa visiwa vya mbali, ili wamtumie kadi za ukumbusho abandike ukutani. Akaenda kuomba betri kwa Namkunda Mnzava, mwenye lori. Mwendo huo ukala nusu saa.

Namkunda akasema ngoja kwanza, lori lina mahindi. Akalipandisha mlimani, ndipo akafungua betri akampa. Nusu saa ya pili.

Zefania akaita: dharura, dharura. Mjini, Kassim Mbwego, naye mpiga redio wa ridhaa, akamsikia vizuri. Hakumjibu. Alifungua daftari la wenye leseni, asimwone, kwa kuwa leseni ya Zefania ilikuwa imekwisha muda. Kanuni inakataza kuzungumza na asiye na leseni. Kanuni hiyohiyo, ukurasa wa pili, inasema penye hatari ya roho kila mtu ajibiwe. Mbwego alifika ukurasa wa pili baada ya nusu saa ya tatu. Ndipo akajibu, akaita boti, akakaa redioni mchana kutwa bila kula, akiwaelekeza waokoaji.

Boti zikaokoa watu arobaini na mmoja. Elinami Hoza, aliyewashikia watoto kamba, mikono ilimwisha nguvu, maji yakamchukua, robo saa kabla boti hazijafika.

Serikali ikaleta hati tatu za shukrani, za Zefania, Namkunda na Mbwego. Zikasomwa kwa makofi, msibani kwa Elinami.

Mjane wake, Salome, akakataa matanga yaanuliwe. Akatandika mkeka mlangoni. “Robo saa ya mume wangu anayo nani? Aje akae hapa, aseme ni mimi. Ndipo tutaanua.”

Zefania akasema, “Shemeji, bila redio yangu mngekwisha wote.”

“Na zile kadi, mwalimu, zimefika?”

Namkunda akasema lori lingezama, na betri ingezama nalo. Mbwego akasema hakuwajua hata kwa sura. Alifuata kanuni aliyoiapia.

“Nauliza robo saa,” Salome akasema, “mnanisomea hati.”

Wakaondoka, kila mmoja na hati yake. Matanga hayajaanuliwa mpaka leo. Nanyi mnaosikiliza, msinijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hayo walikwisha kuyasema waliopiga makofi. Kila mmoja alichelewesha nusu saa, na iliyotakiwa ni robo tu. Katika hao watatu, nani aketi mkekani?