Bakuli la Mwosha Maiti

Tumesimuliwa na waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wenye misikiti mingi na visima vichache aliishi mcha Mungu aitwaye Lubaba bint Nuaim. Miaka kumi na miwili alifunga siku moja na kula siku moja, hakukosa kwa homa wala kwa msiba. Wanawake wa mji walijivunia saumu ile kana kwamba wanafunga wao. Walimletea watoto wao awaombee. Yeye mwenyewe alikuwa na haja moja tu kwa Mola wake: alie katika sala. Miaka yote hiyo hakupata hata chozi, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kaburi.

Mtaani kwake alikuwako Mama Suwaida, mwosha maiti wa kike. Kila nyumba ilimwita ilipofiwa, ila chakula cha mkono wake hakuna aliyekigusa. Binti yake Suwaida akafariki, akamwosha mwenyewe. Siku ya arobaini akapika uji wa ngano kwa maziwa na tende, akaalika mtaa mzima kwenye hitima.

Alasiri Lubaba alipita hapo. Akakuta mabakuli ishirini yamepangwa mkekani, uji umefanya utando juu, na mama mtu ameketi peke yake. Nje wanawake watano wamesimama kando ya ukuta, wanatazama nani ataingia.

"Ingia, mwanangu, ule."

"Nimefunga, mama."

"Najua umefunga. Mji mzima unajua." Akafukuza nzi. "Mama yako nilimwosha kwa mikono hii. Siku ile hukuniuliza kama ni safi."

 Lubaba akavua viatu, akaketi, akasema Bismillahi, akala.

Wale wa ukutani walipigwa na butwaa. Mke wa kadhi akaingia mbio, wenzake nyuma yake.

"Bibi Lubaba, leo ni siku yako ya kufunga. Umesahau."

Wenzake wakashusha pumzi, maana anayekula kwa kusahau saumu yake haiharibiki. Aseme ndiyo tu, na miaka kumi na miwili ibaki mizima. Mama Suwaida naye alikuwa ameushika upawa, hausogei.

"Sikusahau," Lubaba akasema. "Nimekula nikijua. Mama, niongeze."

"Kwa mwosha maiti?" mke wa kadhi akanong'ona.

"Na wewe nitakuosha," Mama Suwaida akamjibu. "Kaa basi, uuzoee mkono."

Hakukaa. Wakatoka wote bila kuaga, na tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea Lubaba mtoto wa kuombewa.

Lubaba akaosha bakuli lake, akachukua na chungu akakisugua kwa majivu. Hapo, mikono imejaa masizi, machozi yakamtoka. Yalikuwa yale aliyoyatafuta katika sala miaka kumi na miwili, na yalimtoka hata asikione chungu alichokishika.

Saumu ni ibada tukufu, mtu asiifanyie mzaha. Lakini angalieni, enyi waumini, kilichowashtua wale wanawake. Walishtushwa na bakuli moja lililoliwa. Yale kumi na tisa yaliyopoa mkekani hayakumshtua hata mmoja wao. Macho ya namna hiyo, Mola atuepushe nayo.