Sifa Arobaini za Afisa Mifugo

Enzi zangu za uafisa mifugo nilihamishwa wilaya saba, na kila nilikofika nilijifunza neno moja tu la wenyeji: chakula. Siku moja Bibi Udamaga aliingia ofisini kuomba kibali cha kuwanywesha ng'ombe wake kwenye bwawa la serikali. Walikuwa arobaini, wamesimama getini na kiu ya siku tatu. Bibi alijua Kidatoga tu.

“Sheria ni sheria,” nikasema. “Alete mkalimani mwenye cheti.”

Wilaya nzima hakuwapo hata mmoja. Gidamuna kinyozi, aliyemsindikiza, akavuta kiti. “Basi sitafsiri, mkuu. Mwache aseme tu, moyo upoe.”

Akamnong'oneza Bibi. Bibi akanitazama, akaanza kusema taratibu, kama anayeimba. Gidamuna akashika kinywa.

“Anasemaje?”

“Sina cheti, mkuu.”

“Wewe sema bwana!”

“Anakusifu. Shingo Nene. Macho ya Duara. Mwendo wa Maringo.”

Nikaiweka tai sawa. “Endelea.”

“Hapo naogopa sheria. Ila ukisaini kibali, shauri limekwisha. Tutabaki tunapiga soga, na soga haidai cheti.”

Nikasaini, nikagonga mhuri mara mbili, kisha nikasikiliza sifa zote. Ya mwisho, Mkia Mweupe, ilinitatiza kidogo, lakini nilishukuru.

Walipotoka nilifungua dirisha niwapungie. Bibi alikuwa getini akirudia sifa zangu moja baada ya nyingine, na kwa kila sifa ng'ombe mmoja alitoka kundini akamfuata.